Kle ya Kolwezi: nyimbo 12 za Ben Folds zilizotugombanisha

Yaya, ginsi tunavyomwita mkubwa wetu, aliomba kitu kidogo tu. Alikuwa anapanda Kolwezi jumatatu asubuhi na gari ya kazi, karibu kilomita 300, na redio ya ile gari ukishapita Likasi inabakiaka kuunguruma tu, njo akatuambia mniwekee mu kle, hii flash ya USB, nyimbo 12 za yule muzungu wenu wa piano, lakini mtie zile tu za wakati amebaki peke yake, za grupu nimeshazisikia mpaka zimenichosha. Kumi na mbili, hapana zaidi. Akatupa kle kwenye meza akaenda kunawa mikono.

Hiyo ilikuwa saa tisa ya mchana, kwenye terasi moja ya bia hapa Kamalondo, mu Lubumbashi. Saa mbili ya usiku tulikuwa na nyimbo saba, mtu mmoja amekasirika amehamia meza ingine, na bukari, ugali wetu, imepoa. Naandika kisa chote juu kila mmoja wetu sasa anakisimulia kwa faida yake, na mimi pia nina faida yangu, bora niiseme mapema.

Wahusika ni hawa. Mayestro, anapiga sinte, kinanda cha umeme, mu korali yetu na anafundisha watoto solfeji. Mpiga batri wetu, batri ni zile ngoma za orkesta, mtu wa makelele hata akiwa amelala. Mwalimu wa Kiingereza, yeye njo alitufungulia maneno ya zile nyimbo, maana sisi wengine miaka yote tulikuwa tunaimba tu vile masikio yalishika. Na mimi, napigaka besi. Hiyo ya besi muikumbuke, itawasaidia kunielewa au kunisamehe.

Ben Folds alitufikia kwa CD moja ya okazyo, ya mtumba, iliyotoka Kasumbalesa kule mpakani na Zambia, ndani ya kartoni ya vyombo vya jikoni. Kwa asiyemjua, ni mtu wa North Carolina, Marekani, alizaliwa 1966. Mwaka 1993 pale Chapel Hill akaanzisha grupu inaitwa Ben Folds Five, na walikuwa watatu. Ndiyo, watatu wanajiita watano. Yeye piano, Robert Sledge besi, Darren Jessee batri, gita hakuna. Sasa wewe jaribu kuelezea hiyo mu Lubumbashi, mji ambao mtoto anajitengenezea gita ya bidoni mbele hajajua kusoma, unamwambia mtu kuna orkesta haina gita hata moja anakuuliza waliibiwa lini. Lakini Sledge alikuwa anaikwaruzisha besi yake na vifaa mpaka inalia sawa gita ya rock, na wote watatu wanaimba, sauti zimepangwa kama korali ya watu waliokunywa kahawa nyingi. Wakatoa albamu 1995, 1997 na 1999, na 2000 wakaachana. Ule wimbo wao wa huzuni uliozunguka ma redio ya dunia, Brick, kiitikio chake aliandika Jessee wa batri. Mpiga batri wetu hiyo anatukumbushaka kila baada ya dakika kumi, na siku hiyo alianza nayo mbele bia haijafunguliwa.

Msimamo wake ulikuwa mfupi: "Banamuachia peke yake, nyimbo ikaisha." Mayestro yeye akasema kinyume kabisa, eti nyimbo nzuri zote za Ben Folds za kupiga kanisani, ku harusi, ku kilio, ni za baada ya 2000, zile za grupu ni za vijana wa kuruka. Na ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na ushahidi, njo maana kazi ilikuwa ngumu.

Hata hilo neno "peke yake" lenyewe lilitusumbua. Kwetu mtu akitoka mu orkesta habaki peke yake. Papa Wemba alitoka Zaïko Langa Langa 1974, kufika 1977 ana Viva la Musica yake. Wenge Musica ikapasuka 1997, ikatoka Wenge ya JB Mpiana na Wenge ya Werrason, kila moja na wapiga gita wake, waimbaji wake, atalaku wake wa kuchangamsha watu, wachezaji, basi nzima. Fally Ipupa 2006 akatoa albamu kwa jina lake, lakini ebu hesabu watu wanaosimama nyuma yake jukwaani. Kutoka huku ni kugawana watu. Yule muzungu alipotoka alibaki peke yake kweli. Albamu ya kwanza, Rockin' the Suburbs, karibu kila chombo alipiga mwenyewe, piano, batri, besi, mpaka na gita ile waliyoikataa miaka yote, wakati huo anaishi Adelaide kule Australia. Na ikatoka tarehe 11 mwezi wa tisa 2001, siku ile ile minara inaanguka New York. Mwalimu alisema mtu mwenye bahati ya namna hiyo angeacha muziki aende kuuza mikate.

Lakini ile albamu njo ilitupa nyimbo nne bila kelele. The Luckiest ilipita juu Mayestro ameshaipiga ku harusi tatu na kila mara kuna mama analia bila kushika neno hata moja. Still Fighting It ilipita, baba anamwimbia mtoto wake wa kiume. Zak and Sara ikapita juu dereva anahitaji kitu cha kumwamsha kule Fungurume. Ya nne ilikuwa Fred Jones Part 2, na hapa mniache nikae kidogo.

Huyu Fred Jones alikuwa ameshapita mu wimbo mfupi wa ile albamu ya 1997. Miaka minne baadaye anarudi. Amefanya kazi kwenye gazeti miaka 25, siku yake ya mwisho hakuna sikukuu, hakuna wimbo, vitu vyake viko ndani ya makartoni, anakaa kwenye meza giza linaingia na kijana mmoja mwenye haya anamngojea ukumbini amshushe chini, anamwomba radhi, mzee saa imefika. Ni hayo tu, na piano haipigi kelele hata mara moja. Mwalimu alitutafsiria pole pole, na yaya alikuwa amerudi, mikono bado inadondoka maji, akabaki amesimama. Baba yake yaya alifanyaka kazi mu kampuni moja ya shaba, miaka mingi kuliko hiyo 25, na siku moja akapewa bahasha na karatasi ya kusaini. Kofia yake ya kazi mpaka leo inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mama yao hataki iguswe. Yaya hakusema kitu cha muziki. Alisema tu, "Iyo mutie ya kwanza," akaketi. Pale hakuna mtu, hata mimi, aliyekumbuka kuuliza Sledge yuko wapi.

Mpiga batri alikaa kimya labda dakika moja, kwake hiyo ni nyingi. Halafu akatafuta njia. Akasema ile ya 2001 haihesabiwe sana juu Ben Folds mwenyewe ni mtu wa batri, alisomea ngoma chuo kikuu Miami, na miaka ya 80 alikuwa anapiga besi mu grupu ingine inaitwa Majosha, kwa hiyo hawa wenzake alikuwa nao ndani ya mwili. Tena ni mwaka moja tu toka waachane, bado alikuwa anawasikia kichwani. Tulicheka, lakini mimi hiyo ya mwisho nimeiweka. Ukisikiliza besi ya ile albamu unaona mtu anayejua ginsi mwenzake angefanya, hata kama hafanyi vile vile.

Songs for Silverman, 2005, ilitutoa jasho. Hapa alikuwa na watu, Jared Reynolds kwenye besi na Lindsay Jamieson kwenye batri, ni watatu tena, na ajabu njo albamu imetulia kuliko zote. Mayestro anaipenda sawa mtoto wake. Mpiga batri anaiita batri ya ofisi, mtu anapiga na tai shingoni. Tulikubaliana mbili: Landed, na Late ambayo ni ya kumuaga mwimbaji mwenzake Elliott Smith aliyekufa 2003, wimbo wa kilio ambao hausemi maneno makubwa, unamkumbuka tu mtu ginsi alivyokuwa. Tulikwama kwenye Jesusland. Ni Yesu anatembea mu barabara za Amerika, anaona misalaba, anaona manyumba makubwa, kila mtu anataja jina lake na hakuna anayemtambua sura. Mwalimu akasema tia, huyu mtu ametembea Katuba yetu hapa mjini, kanisa, butiki, kanisa, farmasi, kanisa. Mayestro akasema yeye ni mtu wa korali na yaya ataisikiliza mbele ya chef wake. Ikabaki nje. Mimi ningeitia.

Tukafika 2008, Way to Normal, na hapo njo meza ilipasuka. Hiyo albamu ilifika namba 11 ku listi ya Billboard kule Marekani, hakuna yake ya peke yake iliyopanda zaidi, na wapenzi wake wengi wanaitaja ya kwanza wakitaka kusema alipotea. Ni mizaha, ni hasira ya ndoa iliyokufa, na sauti imebanwa mpaka bafle, ile spika, inakosa pumzi. Hiyo ya sauti sikuitunga mimi, watu walilalamika hivyo hivyo na mwaka uliofuata akatoa Stems and Seeds, ile ile albamu sauti imelegezwa, na juu yake vipande vya kila chombo ili mtu ajichanganyie mwenyewe nyumbani. Mimi naona hiyo ni aibu na pia ni uungwana, hata sijui ipi imezidi. Ule wimbo alioimba na Regina Spektor niliupigia kura, nikabaki kura moja.

Mwalimu akaruka kwenye 2010, Lonely Avenue, ambapo maneno yote aliandika Nick Hornby, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Ben Folds akatia muziki tu, na nyuzi akapanga Paul Buckmaster. Akatupigia Belinda: mwimbaji mzee, kila usiku watu wanamlilia wimbo wake moja wa zamani, na ule wimbo ni wa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimwacha, kwa hiyo kila usiku anasimama kuomba msamaha kwa mtu asiyekuwepo. Ikaingia, ya saba, bila ubishi. Lakini mwalimu hakuishia hapo, akasema munaona, akipewa maneno na mtu mwingine anarudia kuwa mkubwa. Mayestro akamwuliza, "Kwa hiyo peke yake hajui kuandika?" Mwalimu akasema sikusema hivyo. "Ulisema." Basi Mayestro akabeba sahani yake akaenda kuketi na mzee mmoja aliyekuwa anakunywa bia yake ya Simba taratibu na anatusikiliza toka mwanzo.

Huyo mzee njo alituharibia mahesabu. Akageuza kiti akasema watoto, Mwenda Jean Bosco alikuwa na nani? Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mtafiti wa muziki, anamrekodi pale Jadotville, Likasi ya leo, mtu moja, gita moja, kidole gumba na cha shahada. "Pale kulipunguka mutu gani?"

Hakuna aliyejibu upesi. Ukikulia huku hilo si jambo la kurukia. Mimi nikajaribu, nikasema mzee, kidole gumba cha Mwenda njo besi yake, alikuwa watu wawili toka mwanzo, zile nyimbo zilizaliwa na vidole viwili na zikakaa kwa vidole viwili. Ben Folds mkono wa kushoto anao, tena mzito, lakini nyimbo zake zilizaliwa mu chumba cha watu watatu. Ile ya 1997 waliirekodi ndani ya nyumba ndogo aliyokuwa amepanga kule Chapel Hill, unasikia kabisa wanakanyagana. Ukiondoa wawili, sauti mbili zinabaki hazina mwenyewe. Mzee akasema jibu si baya, lakini ni jibu la mpiga besi.

Mayestro sasa akataka kutumaliza. Akatafuta kwenye telefone Ben Folds Live ya 2002, mtu na piano yake, hakuna mwingine jukwaani, akasema sikilizeni kama kuna kinachopunguka. Akaweka Not the Same. Na pale, kumbe, watu wa ukumbini wanaimba sauti tatu! Ben Folds mwenyewe njo anawapangia nani aimbe nini. Akaweka Army, na zile sehemu ambazo mu albamu zilipigwa na tarumbeta watu wanaziimba kwa midomo, upande huu hivi, upande ule vile. Mayestro ni mtu wa korali, mkono wake ukapanda wenyewe, akagawanya terasi, soprano upande wa mlango, wanaume upande wa friji, na mama mwenye terasi akashika alto bila kuombwa, anageuza samaki. Tuliimba labda dakika tano. Hatukujua maneno. Wa meza za nyuma waliingia pia, mmoja alikuwa anaimba kitu kingine kabisa lakini kwa tuni yetu.

Tulipoketi, Mayestro akasema nimeshinda, mpiga batri akasema hapana, mimi njo nimeshinda. Na mimi hapo nikaona kile ninachokiamini mpaka leo: yule mtu hakuwahi kuwa mwimbaji wa peke yake, ni mtu wa korali aliyepoteza korali yake na kila miaka michache anatafuta ingine. Watu wa ukumbini 2002. Hornby 2010. Wanafunzi wa vyuo wanaoimba nyimbo zake bila vyombo, albamu nzima, 2009. Mwaka 2012 alirudi kwa wale wawili wa kwanza, wakatoa albamu moja. Wapigaji sita wa yMusic 2015, na disiki hiyo hiyo konseto ya piano na orkesta ya Nashville. Albamu zake zikipanda, kuna mtu mwenye nguvu mlangoni anayeweza kumwambia hapana. Zikishuka, mara nyingi anajichekesha mwenyewe na hakuna wa kumnyamazisha. Watu wanasema kipaji kimepanda kimeshuka, mi naona kipaji kimekaa palepale, wanaobadilika ni walio mu chumba. Ile ya 2001 haiingii vizuri mu hesabu yangu, najua, mwalimu ameshaniambia. Sina jibu zaidi ya lile la mpiga batri, kwamba alikuwa bado anawasikia.

Kle ilijazwa kwa siasa. Saba za makubaliano, halafu kila mtu akapewa nafasi moja ya kutia anachotaka bila kuulizwa, hizo ni kumi na moja, na ya kumi na mbili yaya akasema rudieni Fred Jones. Kwa hiyo Fred Jones alikuwa wa kwanza na wa mwisho. Mpiga batri alitia yake toka telefone yake ya zamani, kioo kimepasuka, akaficha kwa mkono tusione jina.

Ijumaa yaya akarudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakusalimia hata. "Namba kumi ni nani aliitia? Nilirudiliaka ile toka Fungurume mpaka Kolwezi, na kwa kurudi tena."

Mpiga batri akainua kidole. Ilikuwa ya 2008, ya ile albamu tuliyoitupa. Mayestro alikasirika vibaya. Lakini mwalimu akachukua telefone akatafuta maneno ya ule wimbo ili amwonyeshe yaya kwamba ni upuuzi, na maneno hayakulingana. Jina la albamu ni lile, sauti ni yake, piano ni yake, wimbo ni mwingine. Tukahangaika robo saa, mpaka mwalimu akakumbuka habari moja: mwaka huo mbele ya albamu kutoka, Ben Folds na wapigaji wake waliingia studio Dublin, wakatunga na kurekodi haraka haraka nyimbo za mzaha kwa vichwa vya albamu, wakazivujisha wenyewe kwenye intaneti ili watu waamini ndizo. Mpiga batri alikuwa ameibeba feki miaka yote hiyo bila kujua.

Yaya alituangalia mmoja mmoja.

"Kwa hiyo ni feki?"

"Ni feki, yaya. Lakini feki yake mwenyewe."

Akachomoa kle mfukoni, akaifuta vumbi na shati, akaiweka mbele ya mpiga batri. "Jumatatu napanda tena. Ondoa zote, acha Fred Jones, unitilie zile feki zingine."